Pete za Rangi Ndani ya Kabati la Vioo

Harufu ya plastiki mpya bado hunirudisha sebuleni kwetu Rodi Kopany, mbele ya kabati la vioo ambalo mama alilifunga kwa ufunguo. Msimu ule wa mvua ndefu nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu Atieno minne. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja ngumi tangu kuzaliwa. Hospitalini Homa Bay, mtaalamu anayewafundisha watoto kutumia mikono kwa njia ya michezo alimpa mama pete kubwa za plastiki za kuvisha kwenye kijiti, pamoja na mwanasesere wa kitambaa mwenye vifungo. Acheze navyo kila siku kwa mkono ule, alisema, la sivyo vidole vitakakamaa, na mtoto ataingia shuleni akiwa hawezi kushika hata kijiko.

Mama alisikia kila neno. Lakini kwetu kitu kizuri kilichotoka kwa mtu wa heshima kiliwekwa, hakikuchezewa. Alivipanga kabatini juu ya kitambaa cha kufuma, kando ya glasi za wageni wa kanisa, na kila jioni akaukanda mkono wa Atieno kwa mafuta, akiamini ametimiza wajibu. Mimi nilipewa kazi ya kuvipangusa vumbi, nami niliifanya kwa kiburi. Siku moja Atieno alibandika ile ngumi yake kwenye kioo, akizitazama pete. Nilimkemea: "We, toa mkono! Utachafua vitu vya daktari." Akautoa.

Mvua zilipokwisha tulirudi kliniki tukiwa na zile pete. Mtaalamu alizigeuzageuza, bado zinang'aa.

"Mama Akinyi," alimwita mama kwa jina langu, "mtoto alicheza na hizi?"

"Tumeziweka vizuri sana, daktari. Hakuna hata moja imepotea."

Alijaribu kumkunjua Atieno vidole. Atieno akalia, kidole gumba kilikataa kabisa. "Basi mama," akasema taratibu, "mara ijayo niletee zikiwa zimevunjika." Tulipofika nyumbani mama alilifungua kabati, akamtoa na mwanasesere, akamwaga vitu vyote vya kuchezea uani, kwenye tope, akaketi chini na mwanawe.

Leo Atieno anashika kijiko kwa mkono ule; kalamu, hapana. Nilisomea kazi ya yule mtaalamu nikidhani kwamba kueleza kungetosha. Sasa niko Migori, na nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Wiki iliyopita mama mmoja kutoka upande wa mpakani alinirudishia gari la mbao la kuchezea nililompa mwanawe, likiwa bado ndani ya nailoni yake. "Nimelitunza, daktari," alisema, akitabasamu kama mama yangu. Mtaalamu wetu alingoja msimu mzima. Mimi sikungoja: nililitoa lile gari kwenye nailoni, nikaliburura juu ya saruji mpaka rangi ikachubuka na gurudumu moja likalegea, kisha nikamwekea mtoto mapajani. Mama yake alishika mdomo.

"Limeshaharibika," nilimwambia. "Sasa ni lake."