Mhubiri Aliyechoka Kuambiwa "Mungu Atamlipa"

Mlango wa tatu unafungwa kabla hajamaliza salamu. Wa nne haufunguliwi kabisa. Redio iliyokuwa ikivuma ndani inapunguzwa taratibu, kama vile waliomo wamekumbuka ghafla kwamba hawapo nyumbani.

Msichana aliyesimama kwenye korido anamtazama mwenzake, anabinua midomo, kisha anausogelea mlango wa tano.

"Hodi! Hodi hapa!"

Ana umri wa miaka ishirini na mmoja. Sketi yake ni ndefu, visigino vya viatu vimelika upande mmoja, na kifuani amebandika beji nyeusi. Ni mmisionari wa Kimormoni, na nchi hii si yake. Watoto wa mtaa walioshindwa kulitamka jina lake wamempa la kwao: Dada Beji.

"Watu wanadhani mtu wa dini lazima awe baridi kama maji ya mtungi," anasema tunaposhuka ngazi. "Mimi nimekuja na hasira zangu. Sikuziacha uwanja wa ndege."

Wiki yake haina siri. Anaamka saa kumi na mbili unusu, anasali, anasoma maandiko, anajifunza lugha ya wenyeji, kisha anaingia mitaani hadi jioni. Haendi popote peke yake. Yeye na mwenzake, binti mtaratibu kutoka nchi nyingine, wako kama chanda na pete. Wanaitana "Sista", hata wanapogombania pasi.

Jumatatu ndiyo siku yao. Wanafua kwenye beseni bafuni, wananunua chakula cha wiki na kupiga simu nyumbani. Jumapili wako kanisani. Siku zilizobaki ni milango, mafundisho kwa wachache wanaowakaribisha, na kazi ndogondogo za kusaidia watu: kuosha vyombo vya mgonjwa, kumfundisha mtu kusoma, kubeba maji.

Halipwi mshahara. Alisuka watu nywele kwa miaka miwili ili aweke akiba ya safari hii. Mjomba wake alikasirika. "Wenzako wanakwenda ng'ambo kutafuta," alimwambia, "wewe unakwenda kugonga milango ya watu bure?"

Mama yake, mfagiaji katika shule ya msingi, ndiye aliyemjibu kaka yake: "Mwache. Huyu hata akibaki hapa atagonga tu."

Kubeba maji ndiko kulikomfikisha kwa Bibi.

Bibi ni mjane. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia akifua mashuka ya hospitali, na anaishi ghorofa ya tano ya jengo la zamani. Magoti yake hayapandi tena ngazi, wala hayashuki. Lifti ya jengo hilo ilizimwa mwaka jana. Juu yake kuna kibao kinachosema inasubiri kipuri kutoka nje ya nchi.

Wapangaji hawakuhitaji kuelezwa. Wale wa siku nyingi wanalipa kodi ya zamani, na mwenye nyumba anataka waondoke apangishe upya. Kumfukuza mtu kunahitaji sababu. Kuzima lifti hakuhitaji.

"Siku ya kwanza nilimwambia tumekuja kuzungumza habari za Mungu," Dada Beji anakumbuka. "Akanijibu, 'Dini ninayo, mjukuu wangu. Ndoo je, unaweza kubeba?'"

Wakabeba. Kila Jumatano walipandisha maji, wakafagia, wakacheka na Bibi, wakaondoka. Hakuonyesha dalili yoyote ya kubadili dini, nao wakaacha kumuuliza.

Jumatano moja walimkuta akimimina chai nje ya kikombe. Chai ikatiririka mezani mpaka sakafuni, naye akaendelea kumimina, uso umetulia kabisa.

"Bibi, unaona?" Dada Beji alimuuliza.

"Naona, naona. Upande mmoja tu ndio una ukungu."

Kumbe Bibi ana presha ya macho. Alitakiwa kurudi kliniki kupimwa na kupewa dawa nyingine ya matone. Dawa ilikwisha miezi kadhaa nyuma, na kliniki ilikataa kuitoa bila kumwona mgonjwa. Hakumwambia mtu. Aliona haya kuomba abebwe kama gunia.

Kesho yake walimketisha kwenye kiti cha mbao, wakamfunga kwa shuka kiunoni asichomoke. Dereva wa lori anayeishi ghorofa ya nne alishika mbele, wasichana wawili wakashika nyuma. Walipumzika kila kituo cha ngazi. Milango ilifunguka, vichwa vikatoka.

"Maskini Bibi," watu walisema. "Huyo mwenye nyumba, Mungu atamlipa."

Kliniki, daktari alimpima kwa muda mrefu. Jicho la kulia lingeweza kuokolewa. La kushoto lilikuwa limekwenda.

"Mngemleta mapema," daktari aliwaambia.

Dada Beji anaponisimulia hapa, anasimama katikati ya ngazi.

"Mapema! Jicho la mtu limezimwa pamoja na lifti, na jengo zima linajua. Nilipomrudisha, mama mmoja akaniambia tena, 'Usijali binti, Mungu atamlipa.' Nikamwambia, mama, Mungu hakuizima lifti hii. Kwa nini tunamsukumia Yeye kazi ambayo sisi tunaiogopa?"

Mwenzake alimvuta mkono. "Sista, twende."

"Siendi."

Alichofanya baadaye ndicho anachokijua kuliko kitu kingine chochote katika nchi hii. Alibisha hodi. Alianzia ghorofa ya chini akapanda, mlango kwa mlango, jioni mbili mfululizo, bila kitabu mkononi. Milango ileile iliyokuwa ikifungwa mbele yake.

"Nilipofungua nilidhani anataka kunibatiza," anasema fundi cherehani wa ghorofa ya pili, huku akicheka. "Nikamwambia, dada, leo sina muda. Akaniambia, 'Sikuja kwa ajili ya roho yako. Nataka mabega yako, Alhamisi asubuhi.'"

Alhamisi hiyo Bibi alishushwa tena, safari hii na kundi la majirani wanaopokezana. Hawakuelekea kliniki. Walivuka barabara, wakakata kona, wakaingia ofisini kwa mwenye nyumba na kukitua kiti mbele ya meza yake.

Mwenye nyumba aliitazama beji. "Wewe mgeni, haya yanakuhusu nini? Kazi yako si kuhubiri?"

"Ndiyo," Dada Beji alimjibu. "Leo zamu yako."

Watu wakaguna. Mwenye nyumba akaeleza habari za kipuri, gharama na uvumilivu. Alipomaliza, Bibi alijiweka sawa kitini.

"Baba, sina ugomvi na wewe," alisema. "Ila hawa wanangu wamechoka kunibeba. Sasa kunipandisha ni kazi yako. Nitakaa hapa hapa mpaka lifti ipone. Choo kiko upande gani?"

Mwenye nyumba alitishia kuita polisi. Dereva wa lori akamwambia aite, maana hata polisi wana mabega ya kumbeba Bibi. Kufikia saa nane mchana, fundi wa lifti alikuwa amepigiwa simu.

Lifti ilipona siku mbili baadaye, na Bibi, aliyekuwa amehifadhiwa na jirani wa ghorofa ya chini, akapanda nayo. Kipuri kilipatikana dukani, katika mji huu huu.

Ukidhani habari hiyo ilimpoza Dada Beji, humjui. "Siku mbili!" anapaza sauti, na mtoto anayepita anageuka. "Jicho la Bibi lilikuwa na thamani ya siku mbili za fundi. Wananiambia nishukuru. Namshukuru nani? Yeye?"

Nilimpigia simu mwenye nyumba kupata upande wake. "Lifti inafanya kazi," alisema. "Mnataka nini tena?" Akakata.

Habari zilimfikia kiongozi wa wamisionari, mzee wa sauti ya chini. Utaratibu wao unawataka wajiepushe na migogoro ya watu. Aliwaita wote wawili. Mwenzake Dada Beji hakulala usingizi siku hiyo, akiamini wanarudishwa makwao.

"Ulikuwa na hasira?" mzee alimuuliza Dada Beji.

"Ndiyo, mzee."

"Ulimtukana?"

"Hapana. Nilitamani."

Mzee akamwambia kwamba mara nyingine ampigie simu kwanza. Kisha akawauliza kama wamekula.

Bibi sasa hushuka mwenyewe kwa lifti kwenda kliniki, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa kushoto, upande asiouona. Bado hajabadili dini. "Ila nimemwambia mjukuu wangu," ananidokeza, "kama huko kwao mbinguni wanaruhusu watu wakali, nitafikiria."

Utumishi wa Dada Beji unaisha baada ya miezi minne. Anataka kurudi chuoni, alikoacha masomo ya umeme wa majumbani, ayamalize. Nyumbani kwao pia, anasema, kuna majengo, kuna wenye majengo, na kuna lifti zinazozimwa makusudi. Angependa awe mtu ambaye hawezi kudanganywa habari za kipuri.

Jumatatu iliyopita alimweleza mama yake mpango huo kwa simu, nguo zikichuruzika maji kwenye kamba bafuni. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hasira je, zimekwisha?" alimuuliza.

"Bado, mama. Naomba kila siku zipungue."

"Usiombe sana," mama akasema. "Usizimalizie zote huko kwa watu. Huku nako tunazihitaji."