Mfuko Wangu wa Pamba na Ofisi za Nchi Mbili

Aibu yangu ilitangazwa kwa kipaza sauti katikati ya mnada wa ng'ombe wa Bariadi, kwa hiyo sina pa kuikania, nawasimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wanaoongeza chumvi.

Mimi ni mshonaji. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kumiminika, kila mmoja na mizani yake, wakawa wanakataa pamba iliyochanganyika na fifi (ile chafu), nami nikabuni mfuko wa kuchumia wenye matumbo mawili, safi mbele, fifi ubavuni, mchumaji asihangaike kuchambua tena nyumbani. Wakala mmoja wa kiwanda akaupenda, akasema ataagiza kwangu peke yangu nikiwa na hataza, maana bila hati hiyo kila mwenye cherehani angeuiga. Nilikuwa mjane mwenye watoto wa kusomesha na mgongo uliochoka, nikaona hapa ndipo pa kutokea.

Afisa biashara akanionya kwamba Dar es Salaam uchunguzi huchukua miaka. "Ila mama, siku hizi ofisi yetu na ya majirani zinasaidiana. Wale wakishachunguza, wetu wanachukua majibu yao, hawaanzi upya." Basi nikapeleka maombi Dar, na kwa majirani nikamtuma shemeji yangu Masunga, mdogo wake marehemu mume wangu, anayeuza mitumba ng'ambo ya mpaka.

Kosa lilikuwa limeshafanyika zamani, tena dogo tu. Msimu uliotangulia, kabla ya maombi yoyote, nilitundika mifuko michache mnadani nikamwomba mtangazaji aisifie (sasa nani anabuni kitu kizuri akakificha uvunguni?).

Siku ya mkasa wakala alikuja mnadani kuwaona wachumaji wakiivaa, nami nimewapanga akina mama mstari mmoja, nimeshika kipaza sauti, najigamba kwamba serikali mbili zimekaa kikao kwa ajili ya mfuko wangu, mara Masunga huyo anashuka kwenye basi, anakuja mbio, ananipokonya kipaza sauti, anausalimu mnada kwa Kisukuma.

"Mwangaluka! Shemeji, mambo mazuri. Wale mabwana wa ofisi ya ng'ambo waliniuliza kama mfuko ulishaonekana hadharani kabla ya maombi. Nikawaambia, kuonekana? Bariadi nzima inaujua, tangu mwaka jana unatangazwa mnadani. Wakaandika yote."

Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi mjinga nikapiga nao. Masunga akanirudishia kipaza sauti. Afisa biashara, aliyekuwa kando yangu, akaniinamia sikioni (na mimi kile chombo nimekikumbatia kifuani, hakijazimwa) akasema, "Mama, kilichoonekana hadharani kabla ya maombi, kisheria si kipya tena. Watakataa, na wetu watachukua majibu hayohayo."

"Kwa hiyo yeyote anaweza kuushona?" nikauliza, na mnada mzima ukanisikia nikiuliza.

"Yeyote."

Wakala hakuniaga. Alikwenda moja kwa moja kwenye vibanda vya mafundi wengine kuuliza bei, na watu wakacheka mpaka wenye ng'ombe wakasahau ng'ombe wao. Haraka niliyoitaka niliipata, maana ofisi zote mbili zilikataa kabla mvua hazijaanza. Masunga alikaa kwangu hana hamu ya kula, kila saa anasema, "Mimi nilikuwa nakusifia, shemeji." Na kweli alinisifia, ningemgombeza kwa lipi?

Oda aliipata Mama Salma, mshonaji wa jirani. Wiki haikuisha akaja na kitambaa mkononi, tumbo la fifi linauvuta mfuko upande, hajui afanyeje. Nilitaka kumfungia mlango. Iliniuma sana, lakini kitambaa kinachoharibika mbele yangu siwezi kukivumilia, nikamwonyesha pa kukata.

Sasa hivi kuna kitu kingine nashona. Nakishonea chumbani, mlango nimefunga, na Masunga nimemwambia ni shuka.