Kusukumwa Hadi Ukweni Geita

Kiangazi kile baba mkwe, aliyekuwa akifanya kazi mgodini Geita, alituita mimi na mke wangu Kabula tukale kwake. Kilikuwa chakula changu cha kwanza ukweni tangu tuoane, na sitaficha: niliogopa. Kwetu Usukumani mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani, kila mmoja hupisha upande wake. Nikikosea hapo, nilijiambia, kosa hilo ndilo nitakalokumbukwa nalo hadi uzeeni.

Alfajiri, Shinyanga. Pikipiki nilikuwa nimeinunua kuukuu, na ufundi wake nilijifunza peke yangu kwa kuifungua na kuifunga. Jana yake nilikuwa nimeifungua tena, ingawa haikuwa na ubovu wowote. Shati jeupe nililipiga pasi, nikalitazama, nikalirudia.

"Tunakwenda kula au kukaguliwa?" Kabula aliuliza.

"Vyote."

Barabara ya Mwanza ilikuwa vumbi tupu. Tulipofika kivukoni shati lilikuwa na rangi ya ugali wa mtama, na Kabula alicheka hadi akashika mbavu. Mimi nilivuka ziwa nikilikung'uta, sikuona hata maji.

Alasiri, karibu na Geita. Tulikwisha kuona moshi wa kijiji chao pikipiki ilipokohoa, ikazimika. Nikasafisha plagi, nikapiga kiki hadi mguu ukauma. Kimya. Mara wakatokea wanawake wamejitwika kuni.

"Mayu yule, wa mbele," Kabula akanong'ona. Mama yake!

Nikarukia kwenye mihogo. Mama mkwe naye akaingia vichakani upande wa pili. Pikipiki ikabaki katikati ya njia, pamoja na Kabula aliyekuwa hajiwezi kwa kicheko.

"Kabula," sauti ikatoka vichakani, "muulize mkwe, hicho chuma chake kimekula nini?"

"Mwambie mayu sijui," nikajibu kutoka mihogoni.

"Basi mwambie kuku yuko motoni. Apande, atazame mbele. Sisi tutakuwa nyuma, hatatuona."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapanda, shingo nimeikaza, wakatua kuni zao na kunisukuma huku wakiimba wimbo wa kulimia.

"Mzito huyu!" mmoja akapiga kelele. "Na bado hajala!"

Injini haikuwaka. Niliingia uani kwa baba mkwe hivyo hivyo, nimekaa kama chifu. Mzee alicheka hadi akatafuta kigoda.

"Wenzako huja na ng'ombe," akasema. "Wewe umekuja na mnyama asiyetembea."

Jioni tulikula wanaume barazani: ugali wa mtama, kuku wa karanga, mlenda, maziwa ya mgando. Sauti ikapita ukutani kutoka jikoni: "Kabula, mwambie mkwe asiache firigisi. Anayesukumwa naye anahitaji nguvu!"

Baraza zima likaangua kicheko, nami nikacheka sana. Mchuzi ulinimwagikia shatini, na sikuufuta.

Siku ya kurudi nilikuwa nimekwisha kutoa uchafu kwenye mpira wa petroli. Kiki moja tu, injini ikanguruma vizuri kuliko siku zote. Nyuma yangu nikasikia nyayo nyingi. Sikugeuka.

"Wamekuja wote," Kabula akaniambia sikioni. "Mayu amejifunga khanga kiunoni, yuko tayari kusukuma."

Tangu utoto nilitaka kila kitu changu kiende bila kasoro, na kumbe siku niliyopendwa ukweni ni ile niliyoharibikiwa. Nikaizima injini.

"Mwambie mayu," nikasema, macho mbele, "imegoma tena."