Salma kayakataa marekebisho yangu

Leo kazi yangu imekataliwa mbele ya kikundi kizima, na aliyeikataa nimemfundisha mwenyewe! 😄

Mnaijua ile programu huria yetu, inayowasomea wasioona maandishi ya Kiswahili kwenye simu. Nliianzisha mimi. Mwezi uliopita uongozi nikamkabidhi Salma.

Basi leo tumekutana Mtoni. Nikaleta marekebisho yangu ya kuifanya sauti isome haraka zaidi. Moyoni nnasema yatapita tu. Nani wa kunikatalia mimi?

Salma akaijaribu sauti, watu wote wanasikiliza.

Ikasoma: "Zahabu ni gali."

Salma akaizima.

"Bi Zuhura," akasema, "samahani. Siwezi kuyakubali haya."

"Lakini imekuwa nyepesi, mwanangu."

"Nyepesi, ndiyo. Lakini dhahabu haijawa zahabu hata siku moja, wala ghali haijawa gali. Bi Asha haoni, anaitegemea hii imsomee. Tumpe Kiswahili kibovu kwa sababu umekileta wewe?"

Jamani, uso uliniwaka moto! Kuwatazama wenzangu, wote wameinamia simu zao.

Nikamwambia, "Umesema kweli. Nnakwenda kuyatengeneza."

Akashusha pumzi utadhani katoka kuzamia.

Miaka yote hofu yangu ilikuwa moja: nikiondoka mimi, nani atailinda kazi hii?

Leo nshamjua.

Nyie mshawahi kukataliwa mkafurahi hivi? Hebu niambieni. Mie nipo hapa nnapambana na "gh".