Sajenti Efrazia na Bastola Zilizofunikwa Majina

Mwaka 1994 kampuni ya ulinzi ya Masudi Kihiyo ilipata kibali cha kununua bastola kumi, na pale ofisini kwetu Lushoto hapakuwa na mtu aliyejua bastola nzuri ikoje. Mimi, Elisante, nilikuwa karani wake. Nilijua kupiga taipu na kupanga zamu za walinzi, basi. Masudi mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa mbao. Lakini enzi zile za ruksa, wanunuzi binafsi wa chai na mboga walipoanza kupanda milimani, akaona kwamba mishahara ya vibarua itahitaji watu wa kuisindikiza kutoka benki hadi kiwandani. Polisi walikuwa wachache, na barabara ya Soni ina kona nyingi.

Wakala mmoja akaja kutoka Dar es Salaam, kijana nadhifu aitwaye Abdi, na aina tatu za bastola, mbili mbili za kila aina. Ya kwanza ilitoka Ujerumani. Ya pili iling'aa kama kijiko kipya. Kiwanda chake hatukuwahi kukisikia. Ya tatu ilitoka Chekoslovakia ya zamani, nyeusi, nzito, sura yake kama kitu kilichokaa stoo miaka ishirini. Masudi aliishika ile ya Ujerumani akaigeuza geuza. Hapa kwetu, nyumba ikiwa imara watu husema Mjerumani aliijenga, hata kama aliijenga mjomba wao. Alikuwa karibu kulipa, lakini ofisa wa polisi aliyeshughulikia kibali chetu akamshauri asinunue kitu kabla hajamwona Sajenti Efrazia.

Efrazia Shekiondo alikuwa amestaafu mwaka mmoja kabla, akarudi kijijini kwake Kwemashai kulima kabichi na kutunza miti yake ya plamsi. Aliingia jeshi la polisi akiwa binti wa miaka ishirini. Wakubwa wake, wakidhani wanamwonea huruma, walimpeleka ghala la silaha mkoani awe anaandika daftari tu, mbali na hatari. Mle ndani alikuwamo fundi mzee aliyezoea kufanya kazi kimya. Efrazia akaandika daftari, na macho yake yakafuata mikono ya yule mzee. Baada ya miaka miwili alikuwa anaifungua bunduki na kuifunga huku akizungumza mambo mengine. Mzee alipoondoka, ghala likabaki mikononi mwake, na likabaki humo miaka ishirini na sita.

Nilitumwa mimi kwenda kumwita. Nilimkuta amekunja kanga, anachambua miche. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha kazi. Kisha akataja anachotaka: risasi mia moja kwa kila bastola, ruhusa ya kutumia machimbo ya mawe ambako polisi walikuwa wakilenga shabaha, walinzi wenyewe watakaozibeba, na mtu wa kuandika. Kingine alichotaka kilinishangaza. Alisema Masudi asimtajie bei.

"Nikijua bei," alisema, "nitaanza kuitafutia ile ya ghali visingizio."

Siku ya majaribio tulifika machimboni saa mbili asubuhi. Ukungu wa mlima Magamba ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani, na koti la kila mtu limelowa. Efrazia alifurahi. Alisema walinzi hawatafanya kazi sebuleni. Akatoa mfukoni plasta pana, ile ya kufungia vidonda, akakata vipande na kubandika juu ya majina ya viwanda na alama zote zilizochorwa kwenye chuma. Juu ya plasta akaandika namba kwa kalamu, moja hadi sita. Abdi alicheka kidogo, akauliza kama mama anaziuguza.

"Naziba midomo yao," Efrazia akamjibu. "Leo zitasema kwa vitendo."

Walinzi walikuwa mchanganyiko wa watu. Yassir, mkubwa wao, alikuja milimani kutoka Kigoma akiwa kijana, kuchuma chai katika mashamba ya Mponde, na mikono yake ilikuwa kama makoleo. Yusra, binti wa mwalimu kutoka Tanga, alikuwa mwembamba, na vidole vyake vifupi. Efrazia alitaka wote wapige kwa kila bastola, na Yusra alipokuwa anasita akamsogeza mbele. Silaha itakayomfaa Yassir peke yake, alisema, ni silaha ya Yassir, si ya kampuni.

Mimi nilikuwa na daftari la shule, ndani nimechora mistari. Kila risasi iliyotoka vizuri niliweka nukta. Kila iliyokwama niliweka msalaba. Efrazia alikuwa nyuma ya mpigaji, mikono mgongoni, na nadhani alikuwa anasikiliza zaidi kuliko kutazama. Baada ya risasi hamsini alizipaka udongo mwekundu wa barabarani, akazipangusa kwa kitambaa mara moja tu, akaamuru ziendelee. Mwishoni akawapa walinzi kila aina, akawataka waifungue na kuisafisha wakiwa na makoti ya mvua, pale pale kwenye majani.

Zile mbili zilizong'aa zilikuwa na misalaba kumi na tisa kwa jumla, na moja ikaacha kabisa kufyatua kabla ya risasi ya themanini. Za Ujerumani hazikukwama hata mara moja. Zilipiga vizuri, na Efrazia alisema hivyo bila kuficha. Ila Yusra alishindwa kukifikia kifyatulio bila kulegeza mshiko, na kispringi kimoja kidogo kiliruka wakati wa kusafisha. Tulikitafuta majanini karibu saa nzima. Zile nyeusi, namba tatu na namba tano, zilipiga risasi mia mbili bila msalaba. Kila mlinzi alizifungua na kuzifunga. Efrazia aliwauliza mmoja mmoja angependa kwenda barabarani na namba ipi, na wengi wao wakataja tatu au tano. Yassir aliongeza kwamba hiyo bila shaka ndiyo ya Mjerumani.

Efrazia akabandua plasta, akamwonyesha. Yassir alitazama maandishi muda mrefu, halafu akacheka taratibu akiwa anajicheka mwenyewe.

Hapo ndipo Efrazia aliporuhusu bei zitajwe. Ile nyeusi ilikuwa chini ya nusu ya ile ya Ujerumani, na vipuri vyake vilipatikana nchini. Masudi alifurahi sana. Abdi, niseme kweli, hakununa. Aliuliza maswali juu ya zile zilizong'aa, akaandika majibu. Efrazia aliandika ripoti ya ukurasa mmoja, nikaipiga taipu. Ndani yake kulikuwa na sentensi niliyoikumbuka baadaye: "Aina hii haikwami."

Miezi mitatu ikapita, bastola kumi zikafika. Masudi alikuwa amekwisha kutia saini mkataba na kiwanda kimoja cha chai: magari mawili, walinzi watano wenye silaha katika kila gari, kuanzia Ijumaa ya malipo. Bastola zilifika Jumatano. Efrazia akasema atazijaribu zote kumi, risasi hamsini kila moja. Masudi alidhani ni mzaha, lakini akavumilia. Alhamisi mvua ikanyesha kuanzia saa nane, kubwa mpaka maji yakajaa machimboni. Nane zilikuwa zimepita. Mbili, namba tisa na namba kumi, zilibaki kwenye mfuko.

Ijumaa asubuhi Masudi aliweka karatasi ya makabidhiano mezani, bastola kumi zimeandikwa, na nafasi ya mkaguzi chini. Efrazia aliisoma, akaichukua kalamu, akafuta kumi akaandika nane.

"Mama," Masudi akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima bado, "zote zimetoka kiwanda kimoja. Nane zimepita. Wewe mwenyewe uliandika kwamba hazikwami."

"Niliandika. Hizi mbili sizijui."

"Nikienda na nane, mkataba nimeuvunja siku ya kwanza."

"Nimekuelewa, mwanangu. Sahihi yangu haiwezi kukusaidia hapo."

Masudi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekopa, amenunua magari, na watu wa kiwanda walikuwa wanasubiri. Alisema basi atazigawa zote kumi bila sahihi, kwani kampuni ni yake. Efrazia hakubishana. Alivuta kiti akakaa karibu na dirisha.

Walinzi wakapanga mstari, Masudi akaanza kugawa. Yassir alikuwa wa mwisho kwa sababu ndiye kiongozi wao. Alipewa namba kumi. Aliishika, hakuiweka kwenye mkoba wake. Akamgeukia Efrazia.

"Sajenti, hii umeipitisha?"

"Bado."

Yassir akairudisha mezani, polepole, mdomo wa bastola ukielekea ukutani kama alivyofundishwa. "Basi mimi nitakwenda na rungu," alisema.

Yusra, aliyekuwa mbele yake, alitazama aliyopewa. Ilikuwa namba tisa. Naye akaiweka chini. Kisha mlinzi mwingine, ambaye bastola yake ilikuwa imepita, akarudisha ya kwake pia, akasema atasubiri wenzake. Masudi aliwatazama, akaketi. Kisha akaniagiza nipige simu kiwandani. Nilipiga, nikaeleza ukweli wote kama ulivyokuwa. Meneja akasema Ijumaa hiyo wataomba polisi wawasindikize kama zamani, na sisi tuanze wiki inayofuata. Aliongeza kwamba angependa kumjua huyo mama.

Jumamosi kulipokauka tulirudi machimboni sisi wanne: Efrazia, Masudi, Yassir na mimi na daftari langu. Namba tisa ilipita. Namba kumi ilipiga risasi kumi na sita vizuri. Ya kumi na saba, ganda la risasi likabaki limenasa ndani. Nikaweka msalaba. Ya ishirini na tatu, tena. Ya thelathini na moja, ile kucha ndogo ya chuma inayovuta ganda nje ikavunjika, na bastola ikawa kipande cha chuma tu.

Nilitegemea Efrazia amgeukie Masudi. Hakufanya hivyo. Aliokota ile kucha iliyovunjika, akaiweka kiganjani, akaitazama kwa huzuni ya kweli.

"Hii ndiyo aina niliyoisifia," akasema. "Elisante, tukirudi utanipigia taipu ripoti nyingine."

Ripoti hiyo ninayo nakala yake. Inasema: "Nilikosea kuandika kwamba aina hii haikwami. Nilipaswa kuandika kwamba mbili nilizozijaribu hazikukwama." Chini anashauri kampuni iendelee na aina ile ile, kwa sababu bado ni nzuri na thamani yake inazidi bei yake, ila kila moja ijaribiwe peke yake kabla ya kubebwa na mtu. Masudi aliisoma akiwa amesimama. Hakuomba radhi kwa maneno. Kuanzia mwezi ule alimwandika Efrazia kuwa mkaguzi wa kampuni, na hakuna silaha iliyotoka ofisini bila sahihi yake.

Abdi alikuja na bastola ya kubadilisha, uso umemshuka, akitarajia maneno makali. Efrazia alimketisha, akamwonyesha mahali chuma kilipokatika na rangi yake ya kijivu ndani, akamweleza kwamba kazi ya kuchoma chuma ili kiwe kigumu ilikosewa siku moja kiwandani. Yule kijana alisikiliza kama mwanafunzi. Miaka iliyofuata alizoea kupanda Lushoto na sampuli kabla hajaziagiza kwa wingi, na kila mara alikuta plasta imekwisha kukatwa. Mara moja alimletea vitenge viwili kama ahsante. Efrazia akamtuma akawape akina mama wa kwaya.

Yusra ndiye aliyemrithi. Walikuwa wakikaa pamoja ukumbini pa nyumba ya Kwemashai, magazeti yametandazwa mezani, mafuta ya bunduki yakinuka pamoja na plamsi zilizoiva. Miaka ya mwisho macho ya Efrazia yaliingia ukungu, akatibiwa hospitali ya Bumbuli lakini hayakurudi yote. Alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya chuma, akimwambia Yusra aangalie hapa na hapa. Mara nyingi palikuwa na kasoro.

Katika miaka yote hiyo silaha zetu zilifyatuliwa kazini mara moja tu. Majambazi waliweka gogo barabarani, kona ya tatu kabla ya Soni. Yassir alishuka, akapiga risasi mbili hewani, nao wakakimbilia bondeni. Hakuna aliyeumia. Jioni ile ile alikwenda Kwemashai kumweleza Sajenti. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama maganda yalitoka.

"Yote mawili, mama."

Efrazia akashukuru Mungu kwa sauti ya chini, akamwita Yusra aongeze sahani moja, maana ugali wa bada ulikuwa tayari na mgeni ametoka mbali.