Mchinjaji wa Ugalla ajifunza kukaa kitako

Mtumbwi unateleza polepole kando ya matete ya mto Ugalla, na Majidi Mfaume amekaa mbele kabisa. Amepiga magoti, amekalia visigino, mikono ameilaza juu ya mapaja. Ukimwona kwa mbali utadhani yuko kwenye tahiyatu, anasubiri kutoa salamu amalize swala ya alfajiri.

Nyuma yake wameketi wageni wawili: Asnath, muuguzi mstaafu kutoka Moshi, na binti yake. Mwisho kabisa amesimama Nikolaus, mvuvi wa hapahapa, anausukuma mtumbwi kwa upondo. Ukungu haujaondoka majini, na kiboko anakoroma mahali fulani kama mzee aliyekatiziwa usingizi.

"Tangu tuondoke amekaa hivyohivyo," Asnath ananong'ona. "Miguu haimuumi?"

Inamuuma sana. Ila Majidi mwenyewe anasema afadhali maumivu ya miguu kuliko aibu iliyompata msimu huu ulipoanza.

Majidi, mwenye umri wa miaka 56, mzaliwa wa Cheyo mjini Tabora, hakuumbwa kwa ajili ya kukaa. Kwa miaka zaidi ya ishirini riziki yake ilikuwa mbio. Alikuwa mchinjaji katika kambi ya uwindaji wa kitalii. Wawindaji wakinyatia mnyama, yeye hubaki nyuma karibu na gari, kisu kiunoni. Bunduki ikilia, anachomoka. Anapita miiba, anapita matope, amfikie mnyama kabla roho haijatoka, amwelekeze kichwa kibla, apige bismillahi na kuchinja. Hapo ndipo wafanyakazi Waislamu, nao walikuwa wengi, waliweza kuila nyama ile.

"Mgeni anataka pembe, sisi tunataka kitoweo," anasema huku akicheka. "Ukichelewa kidogo tu, basi, jioni maharage. Na watu wa jikoni hawakosi maneno. Watakuuliza, vipi Majidi, leo ulikuwa unatembea na mkweo?"

Mbio anazo kwenye damu. Baba wa babu yake alikuwa mpagazi kwenye njia ya misafara, alibeba meno ya tembo kutoka Unyanyembe hadi pwani. Mpaka leo, mtoto wa ukoo wao akichelewa kutembea husemwa kwamba amekosea nyumba.

Pamoja na mbio, Majidi alikuwa na neno lake. Siku moja nyati aliangukia ng'ambo ya mkondo wa maji. Majidi alivuka, akamkuta macho yameshaganda. Wenzake walikuwa mbali, hakuna aliyeona kitu. Angeweza kupitisha kisu akanyamaza.

"Nikawaambia hii nyamafu. Walininunia! Lakini mtu anakula kwa kukuamini wewe. Utamlishaje haramu, halafu jioni mkapange naye safu moja kwenye swala?"

Mwaka juzi kampuni ya uwindaji ilifunga kambi yake. Ikaja kambi nyingine, ya watu wanaokuja kutazama wanyama na ndege, wapige picha, waende zao. Wengi wa wafanyakazi wa zamani waliagwa. Majidi alibakizwa na msimamizi mpya, Magreth.

"Niliambiwa huyu mzee anazijua njia zote za bonde hili," anasema Magreth. "Na kweli anazijua, maana zote amezikimbia."

Akapewa kazi ya kukaa mbele ya mtumbwi na kuwaonyesha wageni wanyama, mshahara ukiwa shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi. Mnyama anayetakiwa kuliko wote ni nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya matope yasiyopitika. Nzohe ni mwoga. Akishtuka huzama mzima mzima, akabakiza pua tu juu ya maji, na hapo hata umwite kwa jina hatoki.

Safari ya kwanza, Majidi alimwona nzohe dume kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Nakuapia, sijui hata ilikuwaje. Kabla sijafikiri nimeshasimama, mguu mmoja uko nje ya mtumbwi, na mkono unatafuta kisu kiunoni!"

Kisu chenyewe siku hizi kinakatia vitunguu nyumbani kwake Cheyo. Mtumbwi uliyumba, maji yakaingia, kamera ya mgeni ikalowa. Nzohe hakuonekana tena.

Safari iliyofuata aliikaza miguu, ikatii. Kilichomponyoka ni mdomo. Dume lilipojitokeza, sauti yake ilipasua bonde zima: "Bismillahi, Allahu Akbar!" Wageni waliruka, korongo wakaruka, na nzohe akazama.

Magreth alimwita pembeni. Maneno aliyoambiwa siku hiyo Majidi ameyashika yote.

"Aliniambia, 'Mzee Majidi, shikamoo. Nakuheshimu kama baba yangu mzazi. Lakini wageni hawatoki kwao kuja kuangalia wanyama wakifukuzwa. Tujaribu hadi mwisho wa mwezi huu. Ikishindikana, tuagane kwa wema.'"

Majidi alirudi Cheyo kwa mapumziko akiwa amenyong'onyea. Wapo waliomshauri aende machinjioni mjini, kazi haimtupi mtu mwenye kisu. Yeye aliona hawajamwelewa kabisa. Hakuwa analilia kisu.

"Mimi mto huu nikiukosa nitaugua," anasema, na safari hii hacheki. "Umri wangu nimeumalizia huku. Niliogopa, sikufichi. Niliogopa kuliko siku niliyokutana na simba."

Aliyempa dawa ni mkewe, Shamila. Alikuwa anachambua mchele uani, akamsikiliza hadi mwisho bila kuinua macho kwenye ungo.

"Baba Siwema," akasema, "mbona msikitini unatulia? Nzi akikutulia puani hushtuki. Umewahi kuinuka mbio ukiwa kwenye tahiyatu?"

Majidi alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Aliporudi mtoni alimwomba Nikolaus amfundishe kusubiri. Kila alasiri wakawa wanakwenda kuvua kambale kwa ndoano, Majidi amekalia visigino vyake. Nikolaus hadi leo hajaacha kumcheka.

"Kambale wa kwanza alivyovuta kamba, mzee alitaka kuruka majini!" anasema mvuvi huyo. "Nikamwambia, tulia baba, samaki hachinjwi. Samaki anasubiriwa tu. Akitaka atakuja, asipotaka tutakula mlenda."

Na hii ndiyo wiki ya mwisho ya mwezi aliopewa.

Matete yanatikisika upande wa kushoto, na hakuna upepo. Nikolaus anasimamisha upondo. Anatoka nzohe dume, manyoya yamelowa, pembe zimejisokota, kwato zinabonyea topeni bila sauti.

Mabega ya Majidi yanapanda. Visigino vinaanza kuachana na makalio, na Nikolaus anafumba macho asione.

Kisha mabega yanashuka. Midomo inacheza, sauti haitoki. Juu ya paja la kulia, polepole, kidole cha shahada kinanyanyuka na kuelekea kwenye matete.

Asnath anakifuata kidole kwa macho. "Mungu wangu," ananong'ona. "Anatafuna."

Nzohe anawatazama, anang'ata jani jingine, anatafuna, anakunywa maji. Hana haraka. Anapomaliza shughuli zake anageuka na kurudi alikotoka, bila kufukuzwa na mtu. Majidi anafuta machozi kwa mkono wa shati wala hajifichi.

"Nzohe nimewajua miaka yote hiyo," anasema baadaye. "Nimewajua wakikata roho. Kumwona anatafuna, ni leo."

Mtumbwi unapogusa ukingo, Asnath na binti yake wote wawili wanamsimulia Magreth kwa wakati mmoja. Magreth anasikiliza, halafu anamgeukia mzee wake. "Msimu ujao tuko wote, mzee Majidi," anasema.

Majidi anataka kusimama ashukuru, lakini miguu imekufa ganzi. Kitukuu wa mpagazi inabidi abebwe mgongoni hadi nchi kavu, na Nikolaus anayembeba anahakikisha kambi nzima imejua.

Sasa Majidi ana mpango mmoja. Magreth amemruhusu kumleta Shamila kambini kabla mvua hazijaanza, akae mbele ya mtumbwi, yeye akae nyuma yake.

"Huyu mama nimempelekea mgao wangu wa nyama ya nzohe hadi akawa fundi wa kuipika kwa karanga. Mnyama mwenyewe hajawahi kumtia machoni."

Alimpigia simu adhuhuri hiyohiyo. Shamila alikubali, kisha akauliza aje na sufuria ipi, kubwa au ndogo.

"Iache huko," Majidi akamjibu. "Wewe njoo na macho."