Kitambaa Kwenye Mdomo wa Turbo

Weka kwanza chini hiyo spana, mwanangu. Gari halikimbii, na hicho kichujio kipya cha hewa ulichonunua wala hakitaki haraka yako. Kila nikiona kijana ameinamia boneti hivyo, akili yangu inarudi Nyakato, Jumamosi moja asubuhi, enzi nilipokuwa na miguu mizuri na mdomo mrefu kuliko kazi yangu.

Nilikuwa fundi kwa Mzee Kulwa. Rafiki yangu Daudi alikuwa anaoa siku hiyo. Bibi harusi alikuwa kwao, ng'ambo ya ziwa, mbele kidogo ya Kamanga, na ilibidi Daudi avuke na kivuko akamchukue. Basi bwana harusi akataka gari lake la turbo lifungwe kichujio cha wazi, kile kinachofanya injini ivute hewa kwa kishindo, ili wakwe wamsikie kabla hawajamwona. Ujana huo! Nami nilifurahi kuliko yeye.

Nikatoa boksi la kichujio cha zamani na bomba lake. Mdomo wa turbo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, ukabaki wazi, nikauziba kwa kitambaa, maana nati moja ikidondokea mle, turbo imekwisha; na kitambaa chenyewe kikisahaulika mle, injini inaweza kukuzimikia katikati ya barabara. Nikafunga bomba jipya huku napiga soga, vijana wamenizunguka wananisifia, kichwa kimenivimba. Nikakaza klipu ya mwisho. Daudi, ndani ya suti yake, alikuwa ameshashika ufunguo.

Mzee Kulwa akaja taratibu akifuta mikono, akauliza kitambaa kiko wapi. Nikapapasa mifuko, nikachungulia chini ya gari. Nikamwambia nadhani nilikitoa.

"Hapa gari haliwashwi kwa nadhani," akasema, akauchukua ufunguo mkononi mwa Daudi. "Fungua."

Daudi alikaribia kulia. Kivuko kilikuwa karibu kuondoka, na ndugu zake walishatangulia. Nilimbembeleza mzee, nikanuna, mwishowe nikafungua upya. Mle ndani palikuwa safi. Kitambaa tulikikuta kwenye lile boksi la zamani, nilikokitupa mwenyewe bila kujua. Nikamkazia mzee macho, nikingoja aone aibu. Wapi! Akanirudishia spana.

"Sasa unajua. Funga."

Tulipofika gatini kivuko kilishaondoka, kiko mbali. Mzee naye alikuwa amepanda garini na ovaroli yake ileile, hakuna aliyemwalika. Tukasubiri kingine, Daudi hanitazami.

Huko ukweni mashangazi wa bibi harusi walikuwa wamefunga mlango. Hata shikamoo zetu hawakuziitikia. Bwana harusi gani anachelewa siku yake? Ndipo Mzee Kulwa akasogea mbele, akavua kofia.

"Msimlaumu kijana. Mimi ndiye niliyemchelewesha. Injini ilifunguliwa mara ya pili kwa sababu sikuwa na uhakika nayo."

Baba wa bibi harusi, mfugaji asiye na maneno mengi, akainuka, akauliza kama hilo ndilo gari litakalombeba binti yake. Mzee akaitika.

"Basi wewe utakaa na mimi," baba mtu akasema, akamshika mkono na mafuta yake yote, akampeleka kwenye viti vya wazee. Mashangazi wakafungua mlango kwa vigelegele. Nami nilibaki nje, nimeinamisha kichwa, machozi yananilengalenga.

Mzee Kulwa ametangulia mbele ya haki siku nyingi. Hata leo nikisikia turbo ikivuta hewa kule Pasiansi, namkumbuka.

Kwa hiyo mwanangu, funga kichujio chako, sikukatazi, na mimi utanipandisha. Ila kitambaa kiwe kirefu, kining'inie nje, ukifunge kwenye boneti, ili boneti isishuke kabla kitambaa hakijatoka. Na uhai wa mtu ukiwa mikononi mwako, usijibu nadhani. Fungua uangalie, hata bwana harusi akilia. Ukiwa umemchelewesha mtu, simama mwenyewe useme. Mungu akupe mikono yenye subira, na akupe watu wa kukuonya mapema, kama alivyonipa mimi.

Haya, kabla hujawasha: kitambaa kiko wapi?